Sahihi Isiyo ya Mkono Wake

Sahihi ile kwenye daftari la mahudhurio haikuwa ya Chiriku. Kamanda aliitupia jicho mara moja tu akajua. Chiriku alikuwa na sahihi ya mbwembwe, yenye mkia mrefu unaokatiza mpaka kwenye mstari wa mwenzake, na tangu wachumbiane alikuwa na mtindo wa kumchorea Kamanda kijiua pembeni. Hii ilikuwa fupi, imeandikwa harakaharaka na mtu aliyekuwa akiangalia nyuma.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika thelathini na tatu mchana. Onyesho lilikuwa lianze saa tisa kamili, na viti vyote mia tatu na sitini vilikuwa vimeshauzwa.

"Kivuli!" aliita. "Njoo hapa. Hivyo hivyo ulivyo."

Kivuli alitoka chumba cha kuvalia na kiatu kimoja mguuni. Huyu alikuwa mwigizaji wa akiba, baba wa watoto wawili, aliyeyajua maneno yote ya Chiriku kwa moyo na hajawahi kuyasema mbele ya watu hata siku moja.

"Nani katia hii?"

"Ipi, Kamanda?"

"Usinifanye mtoto. Hii hapa."

"Chiriku alinipigia simu saa nane na robo. Kasema yuko ng'ambo ya barabara tu, kwenye mgahawa, anamalizia chai na mama yake. Nimtilie sahihi, dakika mbili anaingia. Nikaona, si ndugu yetu?"

"Dakika zako mbili zimeshafika kumi na nane."

"Nilitaka kumsaidia tu, Kamanda. Ningekuwa na roho mbaya ningenyamaza, nafasi ingekuwa yangu."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomzidishia Kamanda hasira, maana mtu mbaya unamgombeza ukamaliza, lakini mtu mwema aliyefanya ujinga unamgombeza huku unamwonea huruma.

Wageni waliokuja pale ukumbini walidhani mkubwa ni mwongozaji. Wenyeji walijua vingine. Kazi ya mwongozaji iliisha siku ya kwanza pazia lilipofunguliwa. Tangu hapo mchezo ulikuwa mikononi mwa msimamizi wa jukwaa, na msimamizi alikuwa huyu mwanamke mwembamba mwenye penseli kwenye nywele. Kijiko kikikosekana mezani, ni yeye. Taa ikiwaka kabla ya wakati wake, ni yeye. Mlango wa mbao ukigoma kufunguka katikati ya maneno ya mapenzi, watu watamcheka mwigizaji, lakini atakayekosa usingizi ni yeye. Hakuna mtazamaji aliyewahi kuiona sura yake, naye hilo halikumsumbua. Jina la Kamanda walimpa mafundi, kwa utani kwanza, baadaye kwa heshima.

Na Kamanda alikuwa na sheria moja isiyo na mlango wa uani. Nusu saa kabla ya onyesho, kila mtu awe ndani na awe ametia sahihi kwenye daftari kwa mkono wake mwenyewe. Ikipita hapo, mlango wa nyuma unafungwa na mtu wa akiba anavaa.

Watu wapya waliiona sheria hiyo kuwa ni kiburi. Wazee wa kazi hawakuthubutu. Mwaka juzi moshi ulitokea kwenye stoo ya mapambo. Kamanda aliwatoa wote uani, akafungua daftari, akaita majina. Mwigizaji mmoja hakuitika, na sahihi yake ilikuwepo. Seremala wa jukwaa, mzee wa watu, alirudi ndani kumtafuta, akazunguka kwenye moshi chumba kwa chumba, kumbe mwenyewe yuko kwao amelala, sahihi katiliwa na shoga yake. Seremala alitolewa hajitambui, na mpaka leo akipanda ngazi tatu anasimama kuvuta pumzi. Waliomtoa walikuwa wawili. Kamanda alishika miguu, Chiriku alishika mabega. Walikaa kwenye benchi la hospitali mpaka asubuhi, wananuka moshi, na hapo ndipo mapenzi yao yalipoanzia.

Sasa Chiriku huyo huyo ndiye aliyetiliwa sahihi.

"Nenda kavae koti la Daktari," Kamanda alimwambia Kivuli.

"Mimi?"

"Kuna mwingine hapa anayeyajua maneno?"

"Na lile la sahihi?"

"La sahihi tutaonana nalo pazia likishashuka. Usidhani nimekusamehe. Vaa!"

Kivuli akatoka mbio na kiatu chake kimoja. Hapo hapo mlango wa nyuma ukagongwa, mara mbili, kimya, kisha mara moja, kama Chiriku alivyozoea kugonga. Moyo wa Kamanda uliruka. Moyo hauna adabu. Mwenyewe amekasirika mpaka masikio yanawaka, wenyewe unaruka.

Alifungua kwa upana wa mabega yake tu, akasimama papo hapo mlangoni.

Chiriku alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, ananukia, na midomoni ana lile tabasamu lililokwisha kumtoa Kamanda kwenye hasira zaidi ya mara moja. Jina la Chiriku hakulipata bure. Alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni.

"Mpenzi," alisema.

"Saa ngapi?"

"Ah, usianze bwana."

"Nimekuuliza, saa ngapi?"

"Nane na dakika arobaini. Kuvaa kwangu ni dakika saba, wewe mwenyewe umewahi kunipima. Nipishe."

"Kivuli anavaa."

Tabasamu lilipungua kidogo. "Anavaa nini?"

"Koti lako."

"Kamanda, punguza utani."

"Nina sura ya utani mimi?" Sauti yake ilikuwa chini, na waliomjua walijua kwamba hiyo ndiyo mbaya. "Umemwambia mtu akutilie sahihi. Wewe! Angefanya mgeni aliyeingia jana ningesema hajui. Wewe uliyemshika mzee wa watu mabegani?"

"Nilikuwa ng'ambo ya barabara! Moto ungetokea ningeungulia wapi, kwenye kikombe cha chai?"

"Na mimi ningejuaje? Hebu niambie. Ningesimama pale uani, nisome jina lako, usiitike. Unafikiri ningekaa nasubiri zimamoto? Ningeingia, mjinga wewe! Ningeingia kukutafuta!"

Kwa mara ya kwanza tangu agonge Chiriku alimtazama Kamanda machoni, na macho yale yalikuwa mekundu. Angeomba msamaha dakika ile, pengine hadithi hii ingekuwa nyingine. Lakini alitazama saa yake.

"Sikiliza," alisema, akishusha sauti. "Mama yuko ndani. Nimemwingiza sasa hivi kwa mlango wa mbele, kakaa mstari wa pili."

"Najua alipokaa. Tiketi yake nimeitafuta mimi."

"Basi jua na hili. Mama anasema huna moyo. Anasema mwanamke anayeamrisha wanaume kumi kwa waya wa masikioni, siku mumewe akichelewa nyumbani atamfungia mlango, alale nje. Kila siku ananiimbia hayo hayo. Nikamwambia, mama, wewe humjui, kwangu mimi analegea. Akasema haya, chelewa tuone. Basi tukakaa."

Ilimchukua Kamanda muda kuelewa. Nyuma yake mtu alikuwa anapita na kapu la vikombe vya sehemu ya kwanza, na vikombe vilikuwa vinagongana.

"Mkakaa," alirudia.

"Dakika chache tu."

"Chai ilikuwa imekwisha, nawe umekaa. Makusudi."

"Kwa ajili yetu! Akiniona natokea jukwaani, atajua umenifungulia. Yanaisha maneno yote. Harusi inaenda, mama anakunyamazia, tunaishi. Si ndicho unachotaka?"

"Mmenipima," Kamanda alisema. "Wewe na mama yako mmekaa na vikombe vyenu mkanipima kama kitambaa dukani."

"Usikuze mambo."

"Na mkanipima kwa kazi yangu! Watu mia tatu na sitini wamekaa mle ndani, waigizaji tisa, mafundi sita, wote wananitazama mimi, na wewe umeona hicho ndicho kipimo. Kwa nini hukumpima yeye? Kwa nini hukumwambia, mama, mchumba wangu ana kazi, nami nina kazi, nipishe niwahi? Kama anakupenda si angekupisha?"

"Yule ni mama yangu."

"Na mimi ni nani? Mtihani?"

Sasa na Chiriku alikasirika, maana mtu mwenye maneno mengi akikosa jibu hukimbilia hasira. "Hebu nisikilize vizuri. Ukiufunga mlango huu umemwambia mama yangu kwamba alisema kweli. Mimi nitarudi kwake na uso gani?"

"Rudi na huo huo uliokuja nao."

"Kamanda!"

"Mama yako kapatia nusu. Mlango nafunga. Moyo ninao, tena ndio huu unaoniuma."

Akaufunga. Hakuubamiza, ingawa mkono ulimwasha kuubamiza. Watazamaji walikuwa wameshaingia, na mlango ule ukibamizwa husikika mpaka kiti cha mwisho.

Saa tisa kamili alikuwa mezani pake gizani, pembeni mwa jukwaa, hedifoni masikioni, kitabu cha maelekezo wazi mbele yake.

"Fundi taa, ya kwanza, tayari."

"Tayari."

"Pazia, tayari."

"Tayari," alijibu mzee wa pazia kwenye waya, kisha akaongeza polepole, "Binti, u mzima?"

"Mzima, mzee. Taa, sasa. Pazia, sasa."

Kivuli alitokea na koti linalomfika magotini. Sehemu ya kwanza alitetemeka mpaka bomba la kupimia moyo likamcheza shingoni. Sehemu ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Aliruka nusu ukurasa mzima, akaingia kwenye maneno ya kumuaga mgonjwa kabla mgonjwa hajaletwa. Mwigizaji wa kike aliyekuwa naye alibaki amekodoa macho. Kamanda alifunua karatasi mbili kwa mkupuo.

"Taa ya tisa na ya kumi, achaneni nazo. Sauti, usipige kengele, nasema usipige. Taa ya kumi na moja, tayari." Akainama kando ya pazia, akamnong'oneza Kivuli neno moja tu la kushikia. Kivuli alilidaka. "Kumi na moja, sasa."

Hakuna mtazamaji aliyejua. Na kabla sehemu ile haijaisha, Kivuli alisema jambo kuhusu dawa chungu kwa ule woga wake, na ukumbi mzima ukacheka, mahali ambapo Chiriku hakuwahi kupata kicheko. Kamanda alijikuta anachukia kwamba kile kicheko kilikuwa kizuri. Alichungulia kwenye tundu la pazia la pembeni. Mama mtu alikuwa mstari wa pili, mkoba mapajani, mdomo umefungwa. Chiriku alisimama ukutani kwa sababu kiti hakikuwepo. Hakuwa anacheka.

Onyesho liliisha saa kumi na moja kasoro dakika tano. Watu walipiga makofi mpaka Kivuli akasahau upande wa kutokea.

"Umeokoa jahazi," Kamanda alimwambia alipofika mezani pake, jasho linamtiririka. "Na la sahihi naliandika kwenye ripoti."

"Najua, Kamanda. Andika," Kivuli alisema, akaenda kuvua koti.

Ripoti ilikuwa kazi ya mwisho ya kila siku. Kila kilichokwenda kombo kiliandikwa, na jina la mhusika, na sababu, na kesho yake asubuhi mwongozaji alikisoma akiwa na kikombe chake cha kahawa. Aliyechelewa kwa kuugua alisamehewa. Aliyechelewa kwa kutaka, tena akatiliwa sahihi, alipoteza nafasi yake kwa msimu mzima. Sheria hiyo ilipitishwa baada ya ule moshi, na Chiriku alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kuiunga.

Kamanda alikuwa ameandika tarehe tu aliposikia viatu jukwaani. Mama mtu alitangulia, mwanawe nyuma.

"Shikamoo, mama," Kamanda alisema, akasimama.

"Marahaba." Mama alimtazama kuanzia penseli ya kichwani mpaka viatu. "Nilimwambia. Nilimwambia huyu mtoto, huyo atakufungia. Akaniapia."

"Ni kweli, mama. Nimemfungia."

"Wala huoni haya?"

"Haya naona, mama. Naona haya kwamba nilikutafutia kiti kizuri, kumbe mlikuja kunicheka."

Mama alikohoa kidogo. Hakuwa amezoea kujibiwa kwa adabu namna ile, matusi angeyaweza.

"Yaliyopita yamepita," Chiriku aliingilia. Alikuwa ameiona karatasi. Akasogea, akaweka kiganja juu ya mkono wa Kamanda wenye kalamu, na kiganja kilikuwa cha moto na laini kama siku zote. "Mpenzi. Andika nilikuwa na homa."

"Homa."

"Neno moja tu. Nani atajua? Nimekosea, sawa, umeniadhibu mbele ya mama yangu, mbele ya watu wote. Imetosha. Ukiandika mengine msimu wangu umekwisha. Nitakula nini? Tutafunga harusi kwa pesa gani? Mama, hebu mwambie. Mwambie tangu asubuhi nilikuwa na homa."

Mama aligeuka taratibu. "Mimi?"

"Mama, tafadhali."

"Mimi niseme una homa? Umekunywa vikombe vitatu, ukamalizia na mkate wangu! Mimi huyu binti simpendi, sikufichi, na yeye anajua. Lakini usinitie kwenye uongo wako uzeeni. Nilikuambia uchelewe nikuonyeshe. Sikukuambia uibe sahihi."

"Kumbe na wewe umegeuka?"

"Sijageuka. Nimesimama pale pale. Wewe ndiye sikuoni uliposimama."

Chiriku alibaki katikati ya jukwaa tupu, mahali ambapo kwa miezi miwili alikuwa akisimama na taa zote juu yake, na safari hii hakuna aliyemwandikia la kusema. Alimrudia Kamanda. Sauti ilikuwa imebadilika.

"Nijibu kitu kimoja. Unanipenda au hunipendi?"

"Nakupenda," Kamanda alisema, na hakulificha hilo, hata mbele ya mama mtu. "Nakupenda mpaka nimeshindwa kuandika mstari mmoja tangu pazia lishuke. Mtu mwingine ningekuwa nimeshamaliza."

"Basi andika homa."

"Na siku nyingine nikisoma daftari, nitajuaje nani yumo ndani? Mzee wa watu hawezi kupanda ngazi tatu. Kwa neno moja tu, la shoga mmoja, aliyekuwa anasaidia."

"Chagua basi!" Chiriku alipiga kelele, na ukumbi mtupu ukamrudishia. "Mimi au hiyo karatasi! Ukiandika, nipe pete yangu."

Alitegemea Kamanda atalia. Alitegemea atasema, jamani, tusifike huko. Kamanda aliweka kalamu chini, akaishika pete. Ilikataa kwenye kifundo cha kidole. Akailoanisha kwa mate, akaivuta, ikatoka na ngozi kidogo, akaiweka mezani pembeni ya hedifoni.

Chiriku hakuichukua. Aliitazama tu, kama mtu aliyemtisha mwenzake kwa mchezo na mwenzake akaamini. Ikawa mama yake ndiye aliyeiokota, akaitia kwenye mkoba, akavuta zipu.

"Twende nyumbani, mwanangu," alisema, na safari hii hakumtazama Kamanda vibaya. Hakumtazama kabisa.

"Kamanda," Chiriku alisema. "Kamanda, ngoja. Sikumaanisha."

Kamanda alikuwa ameshainama. Ripoti ilitaka jina kamili, la mtu, la baba yake na la babu yake. Yalikuwa majina yale yale aliyoyaandika juzi kwa mwandiko wake mzuri kabisa, kumpelekea mchapaji wa kadi za harusi, la kwake likiwa chini yake. Aliyaandika tena yote matatu bila kukosea hata herufi, akaweka saa, akaweka sababu, na alipotaka kuurudia mstari ule kuuhakiki, kama kazi inavyomtaka, hakuweza kuusoma kwa machozi.